Kichwa cha Kuazima: Mhadhara Kuhusu Mataji ya Makuhani wa Kibudha wa Nepal



Mwaka 1873 Mwingereza Alexander Cunningham, aliyekuwa akisimamia uchunguzi wa mambo ya kale nchini India, alifika Bharhut, akakuta mabaki ya uzio wa mawe uliowahi kuzunguka stupa, yaani lile kuba ambamo Wabudha huhifadhi masalia matakatifu. Mawe yale yalichongwa kiasi cha karne ya 2 au ya 1 kabla ya Kristo, na leo mengi yamo katika jumba la makumbusho la Kolkata. Nguzo mojawapo inaonyesha sherehe mbinguni. Miungu imekusanyika, ngoma inapigwa, wachezaji wanacheza, na kwenye kiti cha heshima hakuna aliyekaa. Kimewekwa kilemba tu.

Kilemba hicho ni cha Siddhartha, mwana wa mtawala, ambaye baadaye aliitwa Budha. Masimulizi ya Wabudha yanasema kwamba usiku alipotoroka kwao alizikata nywele zake kwa upanga, akazirusha juu pamoja na kilemba chake chenye kito, na miungu wakavidaka kabla havijagusa ardhi. Tangu hapo alitembea kichwa kitupu, nguo yake matambara yaliyoshonwa pamoja, chakula chake kile alichowekewa bakulini na watu. Wafuasi wake waliovaa joho walikatazwa mashada ya maua, manukato na mapambo ya kila aina. Kwa hiyo mnaweza kusema, bila kukosea sana, kwamba dini hii ilianza siku mtu alipovua taji.

Sasa twende Patan, ng'ambo ya mto kutoka Kathmandu, miaka elfu mbili na zaidi baadaye. Katika ua wa matofali, mbele ya moto wa kafara, ameketi kuhani wa Kibudha. Mkono wa kulia ameshika vajra, kifaa kidogo cha shaba kinachowakilisha radi na almasi kwa pamoja. Mkono wa kushoto ana kengele. Na kichwani amevaa taji la shaba lililopakwa dhahabu, lenye kuba kama kofia ya vita, vibao vya nakshi pande zote, feruzi, marijani na bilauri, na juu kabisa nusu ya vajra iliyosimama. Hakuna mfalme ambaye angelionea haya.

Taji lililovuliwa limerudije? Swali hilo ndilo lililonileta hapa leo. Jibu jepesi lipo, nalo ni kwamba dini ilizeeka, ikanenepa, ikasahau mwanzilishi wake. Jibu hilo silikubali, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Kwanza tuwajue watu wenyewe. Bonde la Kathmandu ni nchi ya Wanewari, watu wenye lugha yao, miji yao na kalenda yao, iitwayo Nepal Sambat, inayohesabu miaka tangu 879. Vyuo vikuu vya Kibudha vya India ya kaskazini, Nalanda kikiwamo, viliporomoka karibu na mwaka 1200. Bonde hili lilibaki mahali pekee ambapo Ubudha wenye ibada za Kisanskriti uliendelea bila kukatika. Maandiko mengi ambayo ulimwengu ungedhani yamepotea yalikutwa yakiwa bado yananakiliwa na kusomwa huko.

Lakini Wanewari walifanya jambo ambalo Mbudha wa Sri Lanka au wa Thailand angelistaajabia. Nyumba zao za watawa zimejaa watu wenye wake na watoto. Nyumba hizo huitwa baha. Ni ua wa mraba uliozungukwa na vyumba, wenye hekalu upande mmoja, na wakazi wake ni wana wa koo mbili tu, Shakya na Vajracharya. Hawa wa pili ndio makuhani. Wenyewe kwa wenyewe, na waumini wao pia, humwita kuhani gubhaju. Ukuhani wanaupata kwa kuzaliwa, lakini kuzaliwa peke yake hakutoshi.

Mvulana wa koo hizi, angali mdogo, hunyolewa kichwa katika baha ya baba yake. Kishungi cha mwisho kinapokatwa, anayezipokea nywele ni shangazi yake, dada wa baba. Kisha mtoto huvishwa joho la mtawa, hupewa bakuli, na kwa siku nne huishi kwa sadaka za majirani. Siku ya nne huenda mbele ya mzee wa baha, huvua joho, na husema kwamba njia ile ni ngumu kwake, atashika njia ya mwenye nyumba. Hivyo kila mwanamume wa baha amewahi kuwa mtawa kwa siku nne za utoto wake. Ile safari ya Siddhartha, nywele kukatwa na kilemba kuachwa, kila mmoja wao ameipitia mwilini mwake, na shangazi amesimama pale palipokuwa na miungu.

Taji huja baada ya hapo. Shakya huishia kwenye joho la siku nne. Mtoto wa Vajracharya huendelea na daraja la pili, la kufanywa bwana wa vajra, na humo ndimo anamovikwa taji kwa mara ya kwanza. Zingatieni mfuatano huo: haendi kwenye taji ila amepitia kwanza kichwa kilichonyolewa.

Sasa taji lenyewe. Vibao vyake vikuu hubeba picha za Mabudha watano wa mbinguni. Vairochana, mweupe, ni wa katikati. Akshobhya, wa buluu, ni wa mashariki. Ratnasambhava, wa manjano, ni wa kusini. Amitabha, mwekundu, ni wa magharibi, na Amoghasiddhi, wa kijani, ni wa kaskazini. Anayelivaa anajitwika ramani ya ulimwengu, na kichwa chake ndicho mlima wa katikati. Lakini Mabudha hawa hawakai tu kwenye pande zao. Kila mmoja ana ugonjwa wa moyo anaoutibu kwa kuugeuza kuwa hekima: ujinga, hasira, kiburi, tamaa, husuda. Mafundisho haya hayasemi kwamba hasira iuawe. Yanasema hasira ikitazamwa mpaka mwisho wake huwa kama kioo, inaonyesha vitu jinsi vilivyo.

Katika kuwekwa wakfu, mwanafunzi hupewa vitu vitano kwa zamu: maji, taji, vajra, kengele, na jina jipya. Kila kimoja kimefungamanishwa na Budha mmoja na ugonjwa mmoja. Maji ni ya Akshobhya, nayo hutibu hasira. Na taji je? Taji ni la Ratnasambhava, na ugonjwa wake ni kiburi. Hekima inayotokana na kiburi kilichotibiwa huitwa hekima ya usawa, ile ya kuona kwamba viumbe wote wako daraja moja.

Naomba tulitafakari hili kidogo, maana kwangu ndilo kiini cha mambo yote. Watu hawa walitafuta kitu cha kumvisha mtu ili kiburi chake kife, na kati ya vitu vyote duniani wakachagua taji.

Mwanahistoria Mmarekani Ronald Davidson, katika kitabu alichokitoa mwaka 2002, alionyesha desturi hii ilikotoka. Baada ya dola la Gupta kuvunjika katika karne ya 6, India ilijaa watawala wadogo. Kila mwenye ngome yake alimwagiwa maji ya kutawazwa na kujiita mfalme wa wafalme, na washairi wa baraza wakamvika kilemba cha ukoka kila asubuhi. Watawa walioishi katika zama hizo walichukua umbo lile lile, maji, taji, kiti katikati na raia kuzunguka pande zote, wakalifanya njia ya ibada. Mwanafunzi hutawazwa kama mfalme. Himaya yake ni mandala, ule mchoro wa ulimwengu mtakatifu.

Davidson ana hoja nzito kuhusu asili. Ila asili ya kitu haituambii kinafanya nini leo kichwani mwa mtu. Taji la mfalme huongeza ukubwa wa mtu yule yule: jana alikuwa fulani, leo ni fulani mwenye taji, na kesho atataka kodi. Taji la gubhaju halimwongezi chochote. Anapolivaa, kwa maneno matakatifu na ishara za vidole, fundisho linasema kwamba yule baba wa watoto wake na jirani wa watu hayupo tena. Aliyeketi pale ni Vajrasattva, mwenye dhati ya almasi. Waumini wanaomsujudia hawamsujudii yeye, na yeye hana ruhusa ya kudhani kwamba anasujudiwa. Ibada ikiisha taji hushushwa, na mtu anarudi kwenye nafasi yake pamoja na madeni yake. Kichwa chake kiliazimwa kwa saa kadhaa.

Ndiyo maana pia kuna ngoma. Makuhani hawa wana uchezaji wa kale uitwao charya, ambamo mchezaji huvaa taji na kucheza kama mmoja wa Mabudha watano au miungu wengine, mwendo ukiwa wa polepole, vidole vikisema zaidi ya miguu. Kwa karne nyingi ulikuwa siri ya vyumba vya ndani, wasikoingia wasiowekwa wakfu. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 ulianza kuonyeshwa hadharani, na mpaka leo wapo wazee wanaoona kwamba hilo lilikuwa kosa.

Tugeukie ufundi, ambao mimi binafsi unanivutia sawa na teolojia yake. Mafundi wa Patan wamejulikana mbali tangu zamani. Mwaka 1260 kijana aliyeitwa Arniko, ambaye hata miaka 20 hakuwa ameifikisha, aliongoza mafundi 80 kwenda Tibet kujenga stupa, na kutoka huko akapelekwa kwa Kublai Khan. Stupa Nyeupe aliyoijenga Beijing, iliyokamilika mwaka 1279, ingali imesimama. Taji la kale tunaloweza kulitazama kwa urahisi zaidi, lililomo katika jumba la Metropolitan jijini New York, ni la karne ya 13 au mwanzo wa 14. Kwa maneno mengine, lilifuliwa siku za Arniko au karibu nazo.

Bamba la shaba hulazwa juu ya kitanda cha ulimbo, nalo hupigwa kwa nyundo na tindo kutoka nyuma mpaka sura ichomoze mbele. Kisha hugeuzwa na kunakshiwa usoni. Vipande vidogo huweza kumiminwa katika kalibu za nta. Mafundi wa Kinewari walipenda shaba nyekundu iliyo karibu safi, ingawa kuimimina ni kazi ngumu kuliko kumimina ile ya manjano. Sababu yake ni dhahabu. Shaba safi huipokea dhahabu vizuri, ile iliyochanganywa huikataa kwa madoa.

Na dhahabu inashikaje? Kwa zebaki. Dhahabu husagwa ndani ya zebaki mpaka iwe kama siagi, hupakwa juu ya shaba iliyosafishwa, halafu hutiwa moto. Zebaki hupaa kama moshi, dhahabu hubaki imeshikana na shaba. Mwishoni husuguliwa kwa akiki mpaka ing'ae. Nina hakika kwamba kama yupo hapa mtu aliyekulia Geita, au Migori kule Kenya, ameshautambua moshi huo. Wachimbaji wadogo wa dhahabu kwetu hutumia njia hiyo hiyo kuikamata dhahabu iliyo kwenye mchanga, na moshi wake unaharibu mishipa ya fahamu, mikono ikatetemeka, kumbukumbu ikapotea. Fundi wa Patan aliyelipaka taji dhahabu alivuta sumu ile ile. Tunapolisifu taji kwa mng'ao wake, ni haki kumhesabu na huyo. Jina lake kwa kawaida halimo. Maandishi yanayochongwa kwenye pindo hutaja aliyelitoa wakfu, mwaka wa Nepal Sambat, na mara nyingi wazazi marehemu ambao thawabu imekusudiwa iwafikie. Fundi anaachwa.

Kuna mataji mengine katika Ubudha, nayo nitayapitia upesi. Makuhani wa China huvaa taji la Mabudha watano katika ibada ya kuwalisha wafu wenye njaa. Walama wa Tibet wana lao, mara nyingi la vibao vitano vya karatasi ngumu au kitambaa kilichopakwa rangi, wanalojifunga kwenye paji la uso kwa utepe. Lakini lipo moja ambalo siwezi kuliruka, kwa sababu linaonyesha yanayotokea taji likishaambatana na mtu.

Mwaka 1407 Deshin Shekpa, lama wa Tibet mwenye cheo cha Karmapa na wa 5 kukishika, alifika Nanjing kwa mwaliko wa mfalme Yongle wa China kuwafanyia ibada wazazi wa mfalme waliokufa. Inasimuliwa kwamba mfalme aliona juu ya kichwa cha mgeni wake taji jeusi lisiloonekana na wengine, lililofumwa kwa nywele za malaika wa kike. Akaamuru litengenezwe mfano wake ili watu wote walione. Tangu hapo Karmapa mmoja baada ya mwingine waliliweka kichwani hadharani, wakilishikilia kwa mkono, kwani iliaminiwa kwamba likiachwa litaruka. Karmapa wa 16 alikimbia Tibet mwaka 1959 na kulihamishia Rumtek, huko Sikkim. Mwaka 1974 alifanya sherehe yake mpaka Marekani, na huko Marekani ndiko alikofariki mwaka 1981. Baada yake walijitokeza warithi wawili, kila mmoja na wafuasi wake, na mgogoro ukafika mpaka mahakama za India. Taji lilibaki Rumtek. Taji moja, kichwa kimoja, na palipo na kichwa kimoja ugomvi hauchelewi.

Wanewari wameepuka shida hiyo kwa sababu rahisi: mataji yao ni mengi, na kulivaa ni haki ya kila mwana wa Vajracharya aliyewekwa wakfu. Hakuna gubhaju mkuu wa wote. Hakuna cha kurithi isipokuwa wajibu wa kuwahudumia waumini wale wale ambao babu yako aliwahudumia, kwa sherehe za kuzaliwa, za kuoa na za kufa.

Nisiwapake mafuta, hata hivyo. Hekima ya usawa iliyochongwa kwenye taji haikuenea mpaka mlangoni. Asiye wa ukoo hawezi kulivaa hata akijua maandiko yote. Mke wa kuhani hushiriki ibada nyingi pamoja naye, baadhi haziendi bila yeye, lakini daraja lile la kuwekwa wakfu katika baha ni la watoto wa kiume. Na hoja hii haikuletwa na wageni. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 vijana wa Kinewari walianza kwenda Burma na Sri Lanka, wakarudi na joho la mtawa na kichwa kilichonyolewa, wakahubiri kwa lugha ya nyumbani Ubudha usio na taji, usio na siri, ulio wazi kwa kila tabaka na kwa wanawake. Serikali ya ukoo wa Rana, uliotawala Nepal wakati huo, iliwaogopa kiasi kwamba mwaka 1944 iliwafukuza watawa wanane nchini. Utawala wa Rana ulianguka mwaka 1951, na watawa wa njia hiyo leo wana nyumba zao, shule zao na wafuasi wengi. Familia moja ya Patan yaweza kumwita mtawa wa joho kwa mahubiri na gubhaju kwa mazishi, na isione kasoro yoyote. Naipenda hali hiyo. Siddhartha aliyetupa kilemba na Vajrasattva aliyevaa taji wanaishi mtaa mmoja, na wakazi wamekataa kuchagua.

Nimalizie na suala la mataji yaliyosafiri. Nepal ilipofungua milango kwa wageni miaka ya 1950, soko la vitu vya kale lilifunguka pamoja nayo, na miongo iliyofuata ilikuwa ya wizi mkubwa. Msanii na mwanahistoria Lain Singh Bangdel alichapisha mwaka 1989 kitabu cha picha za sanamu zilizokuwa zimeibwa, kila moja ikiwa na mahali ilipotoka. Kitabu hicho kimekuwa ushahidi. Sanamu ya Laxmi-Narayan iliyoibwa Patan mwaka 1984 ilitambuliwa katika jumba la makumbusho la Dallas, ikarudishwa mwaka 2021, na sasa imo tena hekaluni mwake. Katika mwezi wa Gunla, mwezi mtakatifu wa Wabudha wa bonde, baha nyingi za zamani zilikuwa zikitoa hazina zao nje ili watu waone, mataji yakiwamo. Hofu ya wezi imepunguza sana desturi hiyo. Kitu kikibaki sandukuni kwa usalama wake, mtoto wa jirani hakijui.

Mataji yaliyo katika majumba ya Ulaya na Marekani hayakwenda kwa njia moja, na siwezi kuyahukumu yote kwa kapu moja. Desemba 2017 Metropolitan ilifungua maonyesho ya mataji haya, yaliyodumu takriban mwaka mzima, na kwa watu wengi hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuyaona. Nawashukuru. Ila taji lililo ndani ya kioo, limewekwa juu ya fimbo, bila kichwa chini yake, linafundisha somo moja tu, nalo ni la usonara.

Kathmandu yenyewe inatupa kipimo. Ufalme wa Nepal ulifutwa rasmi tarehe 28 Mei 2008. Taji la wafalme, lenye lulu, almasi, zumaridi na manyoya marefu ya ndege wa peponi, liliwekwa hadharani mwaka 2018 katika ikulu ya Narayanhiti iliyogeuzwa makumbusho. Ni mahali pake panapofaa. Kichwa lililokitegemea kimestaafu, na hakuna kazi iliyokwama. Taji la gubhaju likiondoka kwenye baha, kuna mtoto ambaye mwaka ujao atanyolewa, atavua joho siku ya nne, na zamu yake ya kuvikwa itakapofika itabidi waazime la jirani au waende kwa fundi, bei ya dhahabu ikiwa hivi ilivyo. Tofauti hiyo ndiyo ningetaka wakuu wa makumbusho waizingatie wanapopokea barua kutoka Patan. Wanachoombwa ni kifaa cha kazi, na wenye kazi bado wako hai.

Maswali nitayapokea, na kama wapo masonara ukumbini, ningependa waanze wao.